Mcheza kwao hutunzwa: Nani alipaswa kumtunza Bi Kidude?

MWANAMKE anayevuka Ziwa Mweru na marobota yake ya vitenge haulizwi gatini kama ana mume. Anaulizwa karatasi za safari, anaulizwa ushuru, anaulizwa mzigo una uzito gani. Swali la mume linamsubiri nyumbani, siku atakaporudi na fedha zake mkononi.

Ndiyo maana habari za marehemu Fatuma binti Baraka, aliyefahamika kote duniani kwa jina la Bi Kidude, si za Wazanzibari peke yao. Zinawahusu pia akina mama wa Kashikishi, Nchelenge na Kisiwa cha Kilwa, na wenzao wa mji wa Kilwa ulio ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo.

Bi Kidude aliondoka kwao akiwa binti mdogo. Alitembea, akaimba, akafanya biashara, akarudi. Ndoa mbili zilimshinda akaziacha. Alipokuwa mzee sana zilitengenezwa filamu mbili juu yake, na ni ile ya pili inayostahili kujadiliwa na kila mtu aliyewahi kuacha kwao kutafuta maisha.

Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 2006. Jina lake la Kiingereza ni As Old As My Tongue, maana yake "Mzee kama ulimi wangu". Ya pili ilifuata mwaka 2015, miaka 2 baada ya mwimbaji huyo kufariki dunia, nayo inaitwa I Shot Bi Kidude. Zote mbili ni kazi ya mtengenezaji filamu kutoka Uingereza, Andy Jones.

Jina hilo la pili lina mchezo wa maneno ambao kwa Kiswahili unaeleweka mara moja: "Nilimpiga Bi Kidude". Msikilizaji atauliza: ulimpiga picha au ulimpiga risasi? Mwenye kamera anajiuliza hadharani kama picha zake zilimsaidia bibi yule au zilimdhuru. Si kila mwenye kamera anayethubutu kujiuliza hivyo.

Binti wa muuza nazi

Bi Kidude alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa muuza nazi. Jina la Kidude alilipata utotoni kwa udogo wa umbo lake, maana kidude ni kitu kidogo ambacho hata jina lake hulikumbuki.

Mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote. Mwenyewe alikuwa akieleza kuwa alizaliwa zama za rupia. Kwa kuwa rupia ilitumika Zanzibar hadi mwaka 1935, maelezo hayo yanatupa mwisho tu, hayatupi mwanzo. Alipofariki tarehe 17 Aprili, 2013, magazeti mengi yaliandika kuwa alikuwa amepita miaka 100.

Akiwa mtoto wa miaka kama 10, alikuwa akijipenyeza kwenda kumsikiliza Siti binti Saad, mwimbaji aliyeufungulia mwambao wote mlango wa taarabu ya Kiswahili. Siti naye hakuzaliwa na kijiko cha fedha mdomoni. Alizaliwa kijiji cha Fumba mwaka 1880 na alikuwa akitembeza vyungu nyumba kwa nyumba kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi sahani za santuri. Shaaban Robert alimwandikia kitabu kizima cha wasifu wake.

Kwa hiyo mwalimu alikuwa muuza vyungu, na mwanafunzi alikuwa mtoto wa muuza nazi. Muziki unaosifiwa leo katika kumbi za Ulaya ulitoka kwa watu waliojua uzito wa mzigo kichwani.

Ipo tofauti moja kubwa kati ya wanawake hao wawili. Siti aliimba akiwa amejifunika uso kwa buibui. Bi Kidude aliliweka pembeni vazi hilo na kuimba uso wake ukiwa wazi. Alivuta sigara mbele za watu, akanywa pombe, na kucheka kwa sauti. Walimsema sana. Hakurudi nyuma.

Alitoroka ndoa, akafundisha ndoa

Akiwa na miaka kama 13 aliozwa bila ridhaa yake. Alitoroka, akavuka bahari hadi Tanganyika. Huko bara aliolewa tena, na ndoa hiyo nayo ikaenda mrama. Katika miaka ya 1930 aliondoka kwa mara ya pili, safari hii akiikata nchi kwa miguu isiyo na viatu, akiimba alikopita, hadi upande wa Ziwa Victoria.

Miaka ya 1940 alirejea Zanzibar na kupata nyumba ndogo ya udongo. Hakubahatika kupata mtoto. Alijipatia riziki kwa kuimba, kuuza hina na wanja, kutoa dawa za mitishamba na kupiga ngoma ya unyago.

Hapo kwenye unyago ndipo penye jambo la kushangaza. Mwanamke aliyezikimbia ndoa mbili ndiye aliyekuwa akiitwa kuwafunda mabinti kabla hawajaolewa. Alipiga ngoma ndefu, aina ya msondo, akiipakata kwa miguu yake, huku akiwafundisha wari namna ya kuishi na mume na namna ya kuijua miili yao.

Wasomaji wa mwambao wa Mweru hawahitaji kuelezwa sana. Kwa Wabemba na jamaa zao wa Luapula mafunzo ya namna hiyo huitwa chisungu, na mama mfundaji ni nachimbusa. Mtafiti wa Kiingereza, Audrey Richards, aliishuhudia chisungu mwaka 1931 na kuichapishia kitabu mwaka 1956. Mbali na kujua nyimbo na ngoma, nachimbusa anatakiwa awe mtu aliyeyaona maisha.

Kwa kipimo hicho Bi Kidude alistahili. Aliyewahi kuungua ndiye anayejua moto unaanzia wapi. Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo jamii zetu zote mbili hazipendi kulisema: tunamwamini mwanamke asiye na mume atufundie mabinti, lakini tunapata taabu kumwacha aishi bila msimamizi.

Alijulikana nje kabla ya kutunzwa kwao

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika taarabu msemo huo una maana inayoonekana kwa macho. Mwimbaji anapogusa moyo wa msikilizaji, msikilizaji huinuka, akatembea kwa madaha hadi jukwaani na kumpa noti. Huko ndiko kutunza.

Bi Kidude alitunzwa harusini na kwenye ngoma za mtaani kwa miaka mingi, lakini jina lake halikuvuka bahari hadi alipokuwa tayari bibi kizee. Alisafiri Ulaya na Japani kuimba. Oktoba 2005 alikabidhiwa tuzo ya WOMEX huko Newcastle, Uingereza, katika mkutano mkubwa wa wafanyabiashara wa muziki wa dunia. Watu wa rika lake walikuwa wamekwisha kuzikwa zamani.

Filamu ya mwaka 2006 ilitoka wakati huo wa sherehe. Inamwonyesha bibi mcheshi mwenye sauti ya kukwaruza, anayepanda jukwaani na kuwapita vijana kwa nguvu. Inamfuata katika safari zake na nyumbani kwake. Mtazamaji anatoka akiwa na furaha na kuamini kwamba huyu mama hawezi kufa.

Hata hivyo filamu ya furaha haielezi kila kitu. Fedha za safari zinagawanywaje? Nani anaweka sahihi ya mkataba kwa mtu asiyesoma mikataba ya Kizungu? Siku miguu itakapokataa, nani atamchotea maji? Maswali hayo yalisubiri filamu ya pili.

Habari za mwaka 2012

Mwaka 2012 zilienea habari kwamba Bi Kidude ametekwa. Zilisema amechukuliwa na mtu wa ukoo wake na kwamba hapandi tena jukwaani. Kwa mwimbaji aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa wazee kabisa duniani wanaoendelea kuimba, hiyo ilikuwa habari kubwa. Andy Jones alirudi Zanzibar kutafuta ukweli, na safari hiyo ndiyo iliyozaa filamu ya pili.

Makala haya hayatoi hukumu juu ya mtu yeyote. Muhimu ni kuzipima hoja mbili zinazozuka mzee mwenye jina anapoishiwa nguvu, kwa sababu hoja hizo zipo katika kila ukoo.

Hoja ya kwanza ni ya damu. Ndugu husema: huyu ni mzee wetu, mgonjwa, ametumika vya kutosha. Waandaaji wanakuja na magari, wanampandisha jukwaani, wanaondoka na picha na fedha. Sisi ndio tunaobaki naye usiku akikohoa. Tuacheni tumtunze.

Hoja ya pili ni ya kazi. Wasanii wenzake na marafiki husema: huyu mama jukwaa ndilo lililomweka hai. Alikimbia waume wawili ili asifungiwe ndani. Leo mnamfungia kwa jina la mapenzi. Mwacheni aimbe, watu wamtunze.

Pande zote mbili zinatumia neno moja, kutunza. Kwa mmoja maana yake ni kumlinda, kumlisha na kumficha na macho ya watu. Kwa mwingine maana yake ni kumwekea noti mkononi mbele za watu. Ugomvi mzima umejificha ndani ya neno hilo.

Mtu ambaye sauti yake ilitakiwa isikike kwanza ni mwenyewe. Kwa maisha yake yote Bi Kidude alijibu swali hilo kwa miguu: akibanwa, anaondoka. Safari hii miguu ilikuwa imechoka, na watu wengine walikuwa wakijibu kwa niaba yake.

Alifariki katika eneo la Bububu na kuzikwa kesho yake kijijini Kitumba. Viongozi, wasanii na wananchi walifurika mazishini. Alitunzwa kwa heshima kubwa siku ambayo hakuweza kuona.

Hata Hollywood yalitokea

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Wamarekani walikuwa na mchekeshaji na mwimbaji wa jukwaani aliyeitwa Fanny Brice, aliyefariki mwaka 1951. Mwaka 1968 ilitoka filamu ya muziki ya Funny Girl, inayoonyesha jinsi alivyopanda kisanii huku ndoa yake na mcheza kamari ikivunjika. Barbra Streisand aliigiza kama Fanny, na mume yule aliigizwa na Mmisri Omar Sharif.

Mwaka 1975 ikatoka sehemu ya pili, Funny Lady, inayohusu ndoa iliyofuata, kati ya Fanny na mtayarishaji wa maonyesho aliyeitwa Billy Rose. Mume na mke wote ni watu wa jukwaa, wote wanataka kuwa juu, na ndoa inakuwa kama duka lenye wenye mali wawili na funguo moja.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui ni kwamba mtayarishaji wa filamu hizo mbili, Ray Stark, alikuwa mkwe wa Fanny. Alikuwa amemwoa binti yake. Kwa hiyo simulizi ya ndoa za mama mkwe ilikuwa mikononi mwa familia, na familia ndiyo iliyoamua kipi kionekane.

Mwimbaji mwingine wa huko huko, Al Jolson, alitengenezewa filamu mwaka 1946 na mwendelezo wake mwaka 1949. Aliyekuwa mkewe, mwigizaji Ruby Keeler, alikataa jina lake lisitumike. Watengenezaji wakalazimika kumpa mke wa kwenye filamu jina la kubuni. Mwanamke yule alijua haki yake na aliisimamia akiwa hai.

Tukilinganisha, Fanny alisimuliwa na mkwe, Jolson alizuiwa na mtalaka, na Bi Kidude alisimuliwa na mgeni huku ndugu wakishika mlango. Kongo nako kuna mfano wake. Wengi wa waliokulia ng'ambo ya ziwa wanaikumbuka La Vie est belle ya mwaka 1987, ambamo Papa Wemba aliigiza kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta muziki na kukutana na binti ambaye tajiri wake anamtaka awe mke wa pili. Ile ilikuwa hadithi ya kubuni, lakini Papa Wemba aliigiza akiwa na uhai na akili zake, akijua anachokifanya.

Sisi tunaouza na kununua

Ni rahisi kunyoosha kidole kwa ndugu, au kwa waandaaji, au kwa Mzungu mwenye kamera. Kuna mtu wa nne ambaye hatajwi, naye ni mnunuzi wa soko.

Kaseti, baadaye CD, na siku hizi kadi za simu zilizojazwa nyimbo zimevuka mipaka yetu kwa miaka mingi pamoja na sukari, sabuni na vitenge. Taarabu ya Zanzibar imefika kwenye vibanda vya maziwa makuu bila mwimbaji kujua. Nyimbo za Kongo zimeuzwa Zambia, na kalindula ya Luapula imeuzwa Kongo, kwa njia hiyo hiyo. Anayenakili anapata, anayebeba anapata, anayeuza anapata. Aliyeimba hapati kitu.

Vyombo vya kusimamia haki hizo vipo. Tanzania Bara ina COSOTA, Zanzibar ina COSOZA, Zambia ina ZAMCOPS. Lakini chombo hakiwezi kumdai mtu kwa niaba ya msanii ambaye kazi zake hazikusajiliwa. Bi Kidude ni wa kizazi kilichoimba kabla ya fomu hizo kuwepo. Malipo yake yalikuwa noti ya mkononi, na noti ya mkononi haina risiti.

Mfanyabiashara wa mpakani anaelewa vizuri maana ya mzigo usio na risiti. Ukifika kizuizini, kila mtu anaweza kusema ni wake.

Waliorudi na wanaobeba nyimbo

Kati ya mwaka 2007 na 2010 maelfu ya Wakongo walirejea makwao kutoka makambi ya Kala na Mwange, kaskazini mwa Zambia. Makambi hayo yalifungwa mwaka 2010. Vita viliporudi, wengine walikimbia tena, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa ndani ya wilaya ya Nchelenge yenyewe.

Aliyerudi anahesabu alichoacha: nyumba, shamba, nyavu. Mara chache tunahesabu nyimbo. Katika makambi na vijiji vya pande zote mbili za ziwa wapo akina mama waliozeeka na ngoma zao, wafundaji wa mabinti, waimbaji wa misiba na harusi. Wengine waliachwa na waume, wengine waliwaacha, wengine waliwapoteza vitani. Kila mmoja anajua nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote.

Kijana mwenye simu ya kurekodi anaweza kumfikia bibi huyo leo. Kabla hajabonyeza kitufe, filamu mbili za Bi Kidude zinamfundisha mambo matatu. Amwombe ruhusa mwenyewe, si mjukuu wake tu. Amweleze sauti yake itakwenda wapi na kama kuna fedha. Na aandike jina lake kamili pamoja na makubaliano yao, mbele ya shahidi, wakati bibi bado ana nguvu za kusema ndiyo au hapana.

Ndugu nao wana wajibu wao. Kumtunza mzee ni kumpa chakula na dawa, na pia ni kumuuliza anataka nini. Kama anataka kukaa ndani apumzike, apumzike. Kama anataka kupelekwa arusini akakalie kiti cha mbele na kushika ngoma yake mara moja tu, apelekwe.

Bi Kidude aliishi maisha marefu akithibitisha kuwa mwanamke anaweza kuondoka, kufanya kazi, na kurudi kwao akiwa na jina lake mwenyewe. Filamu ya kwanza ilituonyesha jinsi alivyolipata jina hilo. Ya pili inatukumbusha kwamba mwishoni watu waligombana juu ya nani amtunze, ilhali yeye mwenyewe alikuwa bado yupo na angeweza kuulizwa.